Kwa nini ukumbi mzima ulinyamaza nilipomaliza kuwasilisha?

#1 MwanaKadutu
Salamu wote. Wiki iliyopita nilitoka Bukavu, nikavuka mpaka wa Ruzizi kwa miguu kuingia Rwanda, nikapanda basi Kamembe, nikapita msitu wa Nyungwe nikitapika mara mbili, hadi Kigali. Nilikwenda kuwasilisha kazi yangu kwenye kongamano la sayansi ya data na IA (akili bandia) inayomweka mtu mbele. Dakika 12 za kusema, 3 za maswali. Nilimaliza kwa 11. Mwenyekiti wa kikao akauliza, "Maswali?" Kimya. Nilisikia feni ya projekta ikizunguka. Akauliza tena. Kimya. Mwishowe akaniuliza yeye mwenyewe, kwa huruma naona: "Na hatua inayofuata ni ipi?" Nilijibu kitu, hata sikumbuki. Wakapiga makofi, wakaenda kula.

Aliyenitangulia alisema juu ya programu ya kupanga zamu za wagonjwa. Maswali sita, na wengine walimfuata mpaka mlangoni.

Kazi yangu kwa ufupi: wamama wanaouza maharagwe na unga soko la Kadutu, hapa Bukavu, walinitumia odio za WhatsApp kila asubuhi, wakitaja bei. Modeli, yaani programu iliyojifunza kwa mifano, inasikiliza odio, inatoa bei, inaigeuza kuwa faranga kwa kilo, kisha inachora mstari. Nilionyesha jinsi odio zilivyokusanywa, jinsi tulivyoziwekea lebo (jibu sahihi linaloandikwa na mtu), makosa ya modeli kwa wastani, na mchoro wa bei za miezi mitano. Slaidi 31. Nilicheza pia odio moja ya sekunde tisa, jogoo anawika katikati, watu wakacheka.

Naandika kwa Kiswahili cha kitabu ili na wa ng'ambo wanielewe. Swali langu ni moja: kwa nini walinyamaza? Sitaki kupozwa moyo, mama yangu ameshanipoza.

#2 Kopo_Moja
Slaidi 31 kwa dakika 12? Dada, huko si kuwasilisha, ni kukimbiza kuku.

#3 Asistanti_B
Nimepiga hesabu, ni sekunde 23 kila slaidi. Jicho halijamaliza kusoma kichwa, umeshapita. Asiyeelewa kitu hana swali. Aliyeelewa nusu ndiye mwenye maswali, basi kazi yako ni kumfikisha kwenye hiyo nusu. Promota wangu, mwalimu anayesimamia kazi yangu chuoni, aliwahi kunikatia slaidi zikabaki tisa. Nililia, nikamchukia, halafu nikamshukuru.

#4 Kopo_Moja
@Asistanti_B alimaliza kwa dakika 11, kwa hiyo ni sekunde 21. Kuku alikimbia zaidi ya hapo.

#5 Muzee_wa_Nguba
Watoto wangu, mnatafuta mbali. Amesema mwenyewe watu "wakaenda kula". Nimefundisha miaka mingi. Harufu ya sombe (kisamvu) ikishaingia darasani hakuna mwanafunzi anayeinua mkono. Kikao kilikuwa saa ngapi?

#6 MwanaKadutu
Asante muzee. Kikao kilianza saa tano, mimi nilikuwa wa mwisho, saa sita na robo hivi. Lakini yule wa zamu za wagonjwa alinitangulia kwa robo saa tu. Njaa yake na yangu ni ile ile.

#7 Muzee_wa_Nguba
Robo saa ni ndefu kwa tumbo. Muulize aliyefunga Ramadhani ile robo ya mwisho inavyokwenda.

#8 Lushois243
Jambo batu ba Bukavu. Mi naona shida ni luga. Ulisema Kiingereza ama Kifaransa? Shee ba-Kongo Kiingereza tunajifunza mu ma-filme, halafu ukisimama pale kinywa inakauka. Mi nilifika Kigali mu 2023, ile mwaka ICLR ilikuya pale, mara ya kwanza kongamano kubwa ya IA ya namna ile kukuya Afrika. Kulikuwa bango ya kijana moya wa kwetu, kazi nzuri kabisa, batu banapita tu. Jioni akaeleza ile ile kazi kwa Kifaransa penye kahawa, banamuzunguka kama muuza mikate.

#9 BintiSambaza
Lushois, kwanza tutafsirie.

#10 Lushois243
Tafsiri iko ku mpaka ya Kasumbalesa, unalipa forodha kwanza.

#11 Mukongo_Nairobi
Nyongeza kwa #8: ICLR ilipaswa kufanyika Addis Ababa 2020, korona ikaihamishia mtandaoni. Ndiyo maana Kigali 2023 ikawa ya kwanza. Na kabla ya hapo kilio chetu hakikuwa maswali, kilikuwa viza. Mwaka 2018 kongamano jingine kubwa la IA, NeurIPS, lilikuwa Montréal, na watu wengi waliokubaliwa kwenye warsha ya Black in AI, ya watafiti weusi, walinyimwa viza za Kanada. Kwa hiyo dada, wewe angalau ulinyamaziwa ukiwa ndani ya ukumbi.

Kuhusu lugha sikubaliani. Nimeona watu wenye Kiingereza cha kuvunjika wakiulizwa hadi wakaomba maji.

#12 MwanaKadutu
Nilisema Kiingereza. Nilifanya mazoezi usiku kucha, dada yangu mdogo akishika saa. Maneno hayakunikwama. Labda ndiyo shida, nilikariri.

#13 BintiSambaza
Mimi nina swali ambalo lingeulizwa Kigali kama kungekuwa na mtu mmoja wa Kadutu ndani. Umesema "faranga kwa kilo". Nani anauza maharagwe kwa kilo pale sokoni? Nimekua juu ya meza ya mama yangu, sijawahi kuona mizani ila kwa wauza nyama. Tunauza kwa kopo, lile la maziwa ya Guigoz. Hicho kilo umekitoa wapi?

#14 MwanaKadutu
Tulipima. Tulijaza kopo maharagwe, tukaweka kwenye mizani, tukapata uzito, basi kila penye "kopo" tukagawanya.

#15 BintiSambaza
Kopo la nani?

#16 MwanaKadutu
La mama mmoja mwenye moyo mzuri, karibu na lango la juu.

#17 BintiSambaza
Haya sasa. Kila kopo pale lina historia yake. Kuna ambalo chini limepigwa nyundo mpaka kitako kimeingia ndani kama kitovu. Kuna linalojazwa sawa na mdomo, na kuna linalopewa kilima juu. Kisha kuna nyongeza, ule mkono wa mwisho anaokutupia mfukoni ukiwa mteja wake. Mteja wa siku zote na mgeni wanataja bei ile ile, ila hawarudi nyumbani na maharagwe sawa. Modeli yako inasikia bei. Mkono haiusikii.

#18 Lushois243
Ile nyongeza shee tunaita mbasela. Na ku Lubumbashi unga ya bukari (ugali) tunapima na meka, haiko kopo. Ukileta hiyo modeli huku itasema meka ni jina ya muntu.

#19 Mukongo_Nairobi
Kinshasa wana ekolo na sakombi. Nchi moja, vipimo kama lugha zake.

#20 MtuWaTakwimu
Sasa tumefika. Ulionyesha makosa ya modeli "kwa wastani". Ukichanganya sambaza na tilapia ukatangaza samaki wa wastani, samaki huyo hayupo ziwani Kivu. Watu hawana la kuuliza juu ya kitu kisichokuwepo. Angalia kazi ya Joy Buolamwini na Timnit Gebru ya 2018 juu ya programu za kampuni zinazokisia jinsia ya mtu kwa kutazama sura. Kwa jumla programu zile zilionekana nzuri tu. Wao wakagawa matokeo: wanaume weupe, wanawake weupe, wanaume weusi, wanawake weusi. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi likafika 34.7. Jedwali lile likiwekwa ukutani, nani atanyamaza? Wewe uligawa kwa nini? Muuzaji kwa muuzaji? Wazee na vijana? Maharagwe na unga?

#21 MwanaKadutu
Sikugawa. Namba moja, herufi kubwa, katikati ya slaidi. Niliona inapendeza.

#22 Asistanti_B
Naunga mkono #20. Wale walitumia picha za wanafunzi kama sikosei, ndiyo maana ilikuwa rahisi kugawa.

#23 MtuWaTakwimu
Unakosea. Walitumia picha za wabunge, watu 1,270, wa nchi sita: Rwanda, Senegali, Afrika Kusini, Iceland, Finland na Sweden. Nchi zenye wanawake wengi bungeni. Wabunge picha zao ziko wazi kwa kila mtu, hakuna aliyefuatwa nyumbani. Jambo hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana.

#24 Kopo_Moja
Kwa hiyo wabunge wa ng'ambo ya Ruzizi wamo ndani ya kazi ile na sisi hatumo. Kama kawaida.

#25 DadaZawadi
Mimi nasoma tu siku zote lakini #23 imenigusa. Dada MwanaKadutu, yule mama wa jogoo, alijua sauti yake itachezwa Kigali mbele ya watu?

#26 MwanaKadutu
Alikubali kushiriki utafiti, tulimsomea karatasi kwa Mashi na Kiswahili, akakubali mbele ya wenzake. Kucheza odio ukumbini... hapana, hilo hatukulitaja. Sikufikiri.

#27 DadaZawadi
Basi mimi naona kimya chako kilianzia hapo. Kongamano linajiita la kumweka mtu mbele. Watu wanaokwenda kule wanasikiliza kwa sikio hilo. Walicheka na jogoo, halafu nusu yao wakajiuliza kama mwenye jogoo anajua. Swali la namna hiyo hukaa kooni, hakuna anayetaka kumwaibisha binti wa watu mbele ya kadamnasi. Sauti ni kama uso. Jirani yake angeisikia angesema, huyo ni mama fulani.

#28 Kopo_Moja
Na jogoo pia. Kadutu tunafahamiana kwa majogoo.

#29 Muzee_wa_Nguba
DadaZawadi umesema jambo la maana. Bado naamini ni njaa.

#30 Goma_Lava
Poleni kwa kuchelewa, mega za intaneti ziliisha. Mimi lililonipata ni kinyume. Niliwasilisha ramani ya kuhama kwa watu Goma baada ya volkeno ya Nyiragongo kulipuka 22 Mei 2021. Kama mnavyokumbuka, tarehe 27 iliamriwa watu wa kartie (mitaa) 10 kati ya 18 watoke. Ramani yangu ilikuwa na nukta, mishale, njia ya Sake, njia ya mpaka. Nilimaliza, mkono wa kwanza ukainuka: "Na wewe ulikimbilia wapi?" Nikasema Sake, nililala kwenye ukumbi wa kanisa, juu ya benchi mbili. Maswali yakamiminika! Benchi ilikuwaje, mlikula nini, mtoto alilia? Dakika zote zikaisha. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nukta zangu nilizipata wapi, na ukweli ni kwamba njia moja niliichora kwa kukisia. Nilitoka nimepigiwa makofi, na kosa langu mfukoni.

Kwa hiyo MwanaKadutu, labda hukuwapa machozi. Mtu wa Kivu akisimama wanangoja vita ama volkeno. Wewe ukaleta maharagwe.

#31 Mukongo_Nairobi
#30 nakubali kwa mikono miwili na miguu.

#32 MtuWaTakwimu
Mimi sikubali. Yule wa zamu za wagonjwa hakuleta machozi wala vita, akapata maswali sita. Alitoka wapi?

#33 MwanaKadutu
Kampala.

#34 Goma_Lava
Unaona? Kutoka Kampala wanangoja programu. Kutoka Kivu wanangoja machozi.

#35 MtuWaTakwimu
Hiyo ni njia uliyoikisia, kama ile ya ramani yako.

#36 Goma_Lava
😂 Nimekubali.

#37 Mwenyekiti_Mstaafu
Nimewahi kusimamia vikao vya namna hii mara kadhaa, niwaambie siri ya upande wa pili wa meza. Mwenyekiti anapaswa kusoma ufupisho usiku uliotangulia na kuandaa swali moja la kweli, kwa ajili ya kimya cha namna hiyo. "Hatua inayofuata ni ipi" ni swali la mtu aliyekuwa anajibu ujumbe kwenye simu. Swali la kwanza likiwa la uvivu, ukumbi unalala nalo. Likiwa kali, la pili linakuja lenyewe.

Na njia ya wazoefu: kaa na rafiki usiku ule, mpe swali, aulize yeye kwanza.

#38 Asistanti_B
Huo si udanganyifu?

#39 Mwenyekiti_Mstaafu
Kwenye harusi yenu nani huanza kucheza? Shangazi. Nani amemwambia aanze? Bibi harusi. Mmeshawahi kuuita udanganyifu?

#40 BintiSambaza
Naomba mtu anieleze hili la "kumweka mtu mbele". Mtu yupi? Kazi ya dada ina mtu wa kuuza, mtu wa kununua, mtu wa kuandika lebo na mtu wa Kigali wa kupiga makofi. Nani yuko mbele? Na kwa Kiswahili tuseme nini, mtu mbele, mtu kati, mtu kwanza? Hata hiyo IA wenzetu wa Tanzania wanaiita akili mnemba, wengine akili unde, wengine akili bandia. Kadutu ukisema mnemba watakuuliza kilo ngapi.

#41 Asistanti_B
Neno hilo la "mtu mbele" ni la juzi, lilianza na ile taasisi ya IA ya chuo kikuu cha Stanford ya 2019.

#42 MtuWaTakwimu
Leo si siku yako, Asistanti. Taasisi ya Stanford ilizinduliwa 2019, kweli, lakini neno ni la zamani kuliko hapo. Kuna kiwango cha ISO, shirika la viwango la kimataifa, cha 1999, namba 13407, juu ya kubuni mifumo kwa kumfuata mtumiaji, kikarithiwa 2010 na 9241-210. Na kabla yake kuna injinia Mike Cooley, Mwairishi aliyefanya kazi Lucas Aerospace Uingereza. Mwaka 1976 wafanyakazi wa pale, kazi zao zikiwa hatarini, walitoa mpango wao wenyewe: badala ya kutegemea zana za vita, kiwanda kitengeneze vitu ambavyo watu wanavihitaji, kama mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. Wenye kiwanda waliukataa. Mtu katikati maana yake ilikuwa hiyo, anayefanya kazi ndiye aseme kifaa kiweje.

#43 BintiSambaza
Basi jibu ni rahisi. Mwenye kopo ndiye aseme kopo ni nini.

#44 Kopo_Moja
Mimi niko hapa tangu #2, hakuna aliyeniuliza.

#45 MwanaKadutu
Narudi na habari mbili. Kwanza, wametuma video ya kikao. Kulikuwa na watu wanaofuata kwa mtandao, sikujua. Kwenye sanduku la ujumbe wameandika mara nne wakati nasema. Tatu za kwanza: "Sauti haisikiki." Ya nne: "Huyo ni jogoo au ni modeli?" Kwa hiyo wa mtandaoni walisikia jogoo peke yake. Pia kwenye dakika ya mwisho kuna mkono umeinuka nyuma ya nguzo, upande wa kushoto, ukashuka. Nimerudia mara kumi. Sijui ni swali ama mtu alikuwa anajinyoosha.

Pili, nimepunguza slaidi zikabaki nane, na Jumamosi nakwenda kuwaonyesha wamama wenyewe pale sokoni. Nimemfuata pia mama wa jogoo kumwomba radhi. Amesema sauti si kitu, ila angejua angesema bei ya unga pia, kwa kuwa watu wa Kigali ni wateja.

#46 Lushois243
Mkono nyuma ya nguzo! Ule ni mu-Kongo, alitaka kuuliza, akaogopa Kiingereza. Nilisema tangu #8.

#47 Muzee_wa_Nguba
Alikuwa anaita mhudumu.

#48 Goma_Lava
Kabla ya Jumamosi, jambo la kiufundi: odio mlizigeuza maandishi kwa chombo gani? Vingi vimefundishwa Kiswahili cha pwani. Hata kwenye orodha ya ISO Kiswahili chetu kina alama yake, swc, na cha pwani swh. Data za swc ni chache mno, naikumbuka TICO-19 ya 2020, tafsiri za habari za korona, na ile ni maandishi, si sauti. Mama akisema "banauza mafranga elfu tatu, njo beyi" (ndiyo bei), chombo kinaandika nini?

#49 MwanaKadutu
Kinaandika vituko. "Njo beyi" kilikiandika "Njombe" mara nyingi mpaka nikafikiri Kadutu inaagiza viazi Tanzania. Tulisahihisha kwa mkono, wanafunzi wawili. Mmoja ni wa Uvira, mmoja wa hapa, na wenyewe hawakubaliani.

#50 Goma_Lava
Hiyo "hawakubaliani" ingekuwa slaidi yako ya kwanza. Mimi ningeinua mkono hapo.

#51 MtuWaTakwimu
+1 kwa #50. Mahali walipotofautiana ndipo penye kazi yenyewe. Mmefuta?

#52 MwanaKadutu
Tuliweka lebo ya yule aliyekuwa ofisini siku hiyo.

#53 MtuWaTakwimu
Mungu wangu.

#54 MwanaKadutu
Jumamosi imepita. Umeme ulikuwa umekatika, nikatumia betri ya mashini (kompyuta), chini ya turubai, wamama kumi na mmoja wamekaa juu ya magunia. Sikufika slaidi ya tatu.

Slaidi ya pili ni mchoro wa bei. Mstari wa maharagwe kuanzia Machi umelala kabisa, bei haipandi haishuki. Kigali niliusifia mstari ule, nikasema "utulivu wa soko". Wamama walicheka mpaka mmoja akashuka gunia. Wakanieleza: Machi bei ya gunia ilipanda. Wateja wakisikia bei mpya ya kopo wanageuka, kwa hiyo wao wakaacha bei pale pale na kubadili kopo. Karibu safu nzima ilihamia kopo dogo ndani ya wiki mbili. Odio zangu zikaendelea kusema namba ile ile kila asubuhi, na mimi nikaendelea kugawanya kwa uzito wa kopo la zamani.

Halafu mama mwingine, mkubwa wao, akasema bei ya odio ya asubuhi ni ile ya kumwambia mgeni. Mwenye kutaka bei ya kweli aje saa kumi jioni, mvua ikitishia. Wengine wakampinga, wakasema yeye ndiye anayewaharibia soko jioni. Wakagombana nusu saa, mimi nimesahaulika. Na mmoja akaniuliza polepole pembeni kama bei hizi zinaonwa na watu wa kodi. Nikamjibu hapana, kisha nikajiuliza mchoro ule uko wapi sasa. Uko kwenye tovuti ya kongamano.

#55 BintiSambaza
Ule mstari umelala, wao hawakulala. Nilikwambia, kopo la nani.

#56 Asistanti_B
Kwa hiyo jibu limepatikana. Ukumbi ulinyamaza kwa sababu mstari ulionyooka hauna swali.

#57 DadaZawadi
Mstari ulionyooka miezi mitano kwenye soko letu ndio ungestahili maswali yote. Kama hawakuuliza, basi hawakuwa wanaangalia maharagwe. Bado nasema walikuwa wanamfikiria mama wa jogoo.

#58 Mukongo_Nairobi
Ama walidhani wewe unajua zaidi yao, umetoka huko. Mgeni haulizi bei ya kwenu mbele yako.

#59 Mwenyekiti_Mstaafu
Ama mwenyekiti alikuwa kwenye simu.

#60 Muzee_wa_Nguba
Binti, wamama walikuuliza maswali yao saa ngapi?

#61 MwanaKadutu
Saa tatu asubuhi.

#62 Muzee_wa_Nguba
Walikuwa wamekula?

#63 MwanaKadutu
Nilipeleka mandazi.

#64 Muzee_wa_Nguba
Sina la kuongeza.

#65 Lushois243
😂😂 Muzee ameshinda. Dada, ukikuya Lubumbashi na hiyo kazi, ujue mandazi haitoshi, hapa ni bukari.

#66 BintiSambaza
Mambo ya kula baadaye. MwanaKadutu, Jumamosi ijayo nitakuwa kwa mama. Njoo tupime makopo yote ya safu, moja moja, na kitako chake, na kilima chake, na mkono wa nyongeza. Na ule mchoro waandikie wautoe kwanza. Mizani unayo?

#67 Kopo_Moja
Mizani ya nani?

#68 MwanaKadutu
Nimewaandikia leo asubuhi. Mizani ninayo, betri zake ndizo sina.